Kamba ya mkonge kuanzia shambani hadi jalalani: jinsi ya kufanya tathmini yako ya kwanza ya mzunguko wa uhai

Kila muhula napokea maswali yaleyale kutoka kwa wanafunzi na vijana wa viwanda vidogo hapa Tanga. "Nianze na programu gani?" "Nipate wapi takwimu za mkonge?" "Kamba ya mkonge si lazima iwe bora kuliko ya plastiki?" Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja. Nitatumia mkonge kwa sababu ndio ulio mbele ya macho yetu, Korogwe, Muheza, Pangani, tangu Richard Hindorf alipoleta miche yake kutoka Florida mwaka 1893. Lakini hatua hizi zitakufaa hata kama unachunguza tofali, mkaa wa vifuu au mfuko wa saruji.

Tathmini ya mzunguko wa uhai ni hesabu ya kila kitu kinachoingia na kila kitu kinachotoka katika bidhaa, tangu ardhi inapolimwa mpaka bidhaa inapotupwa, kisha kupima hesabu hiyo inaleta madhara gani kwa hewa, maji na ardhi. Kanuni zake zimo katika viwango viwili vya kimataifa, ISO 14040 na ISO 14044, vyote vya mwaka 2006. Nadharia inatosha hapo. Nyingine utaielewa ukiwa unapima.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Barua ya utambulisho kutoka chuoni au ofisini kwako, nakala 3 au zaidi.
- Daftari gumu na kalamu. Simu huzimika, na vumbi la singa, yaani nyuzi za mkonge, huingia kila mahali.
- Mizani ya kuning'iniza ya kilo 100, iliyohakikiwa.
- Futi kamba, ndoo ya lita 20, na saa yenye sekunde.
- Jedwali la kompyuta la kawaida. Hili ndilo utakalolitumia zaidi.
- Programu ya openLCA, ambayo ni ya bure. Ipakue, ila usiifungue bado.
- Siku 5 au zaidi za kukaa shambani na kiwandani. Sisi wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo, lakini kwa kazi hii ukija leo usiondoke leo.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

Siyo mada. Swali. "Athari za mkonge kwa mazingira" ni mada, na mtu anaweza kuifanyia kazi miaka 10 asimalize. "Je, tukihamisha mabaki ya korona kutoka kwenye rundo na kuyarudisha shambani, mzigo wa gesijoto kwa tani 1 ya singa unapungua kwa kiasi gani?" ni swali. (Korona ni mashine inayoponda majani na kutoa singa; gesijoto ni gesi zinazoongeza joto duniani.) Andika pia nani atalisoma jibu na atalitumia kufanya nini. Meneja wa shamba anayetaka kujua wapi apunguze gharama hahitaji kazi ileile anayoihitaji mnunuzi wa nje anayedai cheti.

Tahadhari: ukikusudia kutangaza hadharani kwamba bidhaa moja ni bora kuliko nyingine, ISO 14044 inataka kazi yako ipitiwe na jopo la wahakiki wasiopungua 3. Mwanafunzi hana bajeti hiyo. Baki kwenye swali la ndani.

Hatua ya 2: Chagua kipimo cha kazi

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo twende polepole.

Kipimo cha kazi ni ile huduma ambayo bidhaa inampa mtu. Ukilinganisha mita 1 ya kamba ya mkonge na mita 1 ya kamba ya plastiki, hujalinganisha kitu, kwa sababu kamba ya plastiki ya polipropilini ya unene uleule hubeba takribani mara mbili ya ile ya mkonge, na haiozi upesi kwenye maji ya chumvi. Mvuvi wa Sahare hanunui mita. Ananunua usalama wa mashua yake usiku wa kusi.

Kwa hiyo andika hivi: "kufungia mashua 1 ya uvuvi ufukweni kwa mwaka 1." Sasa hesabu zinabadilika. Tuseme unahitaji mita 10. Kamba ya plastiki ya milimita 12 ina uzito wa kama kilo 0.65, na tuseme inamaliza mwaka. Ili kupata nguvu ileile itabidi uchukue mkonge wa milimita 18 hivi, ambao mita 10 zake ni kama kilo 2.2. Tuseme wavuvi wanakwambia wanaibadilisha mara 3 kwa mwaka. Hapo unalinganisha kilo 6.6 za mkonge na kilo 0.65 za plastiki. Mkonge sasa una kazi ya kufanya ili ushinde, na huenda usishinde katika gesijoto. Huenda ukashinda mahali pengine, maana vipande vya kamba ya plastiki vinavyonasa kwenye mikoko havimaliziki vyenyewe. Yote mawili yaandikwe.

Muda wa kudumu usiubuni. Nenda Sahare au Kigombe, salimia, kaa na wavuvi, uliza watu 15 au 20 wamebadilisha kamba lini mara ya mwisho. Usiulize "hudumu muda gani?" kwa sababu utapewa jibu la kukufurahisha. Uliza tarehe.

Hatua ya 3: Chora mipaka

Chukua karatasi kubwa uchore visanduku: kitalu, kulima na kupanda, palizi, kukata majani, kusafirisha, korona, kuanika, brashi, kufunga marobota, kusokota, kutumia, kutupa. Weka mishale. Kwenye kila kisanduku andika kinachoingia upande wa kushoto na kinachotoka upande wa kulia. Kisha zungushia mstari kwenye sehemu utakazozihesabu.

Ukiishia kwenye lango la kiwanda, sema wazi. Hakuna aibu. Aibu ni kuacha kitu bila kusema.

Nina sababu ya kulisisitiza hili. Katika kazi yangu ya kwanza, kwenye shamba moja la Muheza, nilipima dizeli kwa wiki tatu, lita kwa lita. Nilipowasilisha matokeo mbele ya wafanyakazi, mzee mmoja wa korona aliyekuwa amenyamaza muda wote aliuliza, "Mwanangu, na lile rundo kule nyuma umeliweka wapi?" Sikuwa nimeliweka popote. Nilirudi nikalihesabu, na nilipomaliza, ile dizeli yote ilionekana kama chumvi kwenye sufuria ya wali. Utaona hesabu yake kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 4: Kusanya takwimu shambani

Anza kwa meneja, lakini usiishie kwake. Meneja anajua bajeti. Mkataji anajua majani. Shikamoo yako ya asubuhi itakupa takwimu ambazo barua yako haitakupa.

*Majani na singa.* Pima angalau mizigo 10 ya majani kabla ya kuingia korona, siku tofauti. Pima singa zilizotoka kwenye majani hayo baada ya kukauka. Utakuta singa kavu ni asilimia 3 hadi 4 tu ya uzito wa majani mabichi. Kwa asilimia 4, tani 1 ya singa inahitaji tani 25 za majani, na tani 24 zinazobaki ni maji na nyama ya jani. Shika namba hiyo, tutairudia.

Tahadhari: singa inayotoka korona imelowa. Ukiipima ikiwa mbichi siku ya kwanza na kavu siku ya pili, hesabu yako yote itapinda. Amua moja, kavu, na uandike ilianikwa siku ngapi.

*Umeme.* Soma mita asubuhi kabla mashine haijawashwa na jioni ikizimwa. Uniti 1 ni kilowati-saa 1. Ukitumia ankara ya mwezi utakuwa umehesabu na taa za ofisi na friji ya kantini.

*Maji.* Korona hunywa maji mengi. Kwa mashine ndogo, kinga bomba kwa ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 4, ni lita 5 kwa sekunde, yaani lita 18,000 kwa saa. Kwa mashine kubwa chukua uwezo wa pampu ulioandikwa kwenye kibati chake, zidisha kwa saa ilizofanya kazi, na utaje kwamba ni makadirio. Andika pia maji machafu yanaelekea wapi. Yakiingia kwenye kijito kinachomwagia mto Pangani, hiyo ni athari nyingine kabisa, ya maji kukosa hewa na samaki kufa, wala haitaonekana kwenye hesabu ya gesijoto.

*Dizeli.* Daftari la stoo litakuonyesha lita zilizotolewa. Muulize dereva lita zilizotumika. Uliza pia lori linarudi na nini. Likirudi tupu, safari ya kurudi ni ya mkonge.

*Mbolea na chokaa.* Hesabu mifuko. Hata kama shamba halitumii mbolea kwenye mkonge wenyewe, wakulima wengi hupanda mahindi au maharage katikati ya mistari mkonge ukiwa mchanga, na mbolea ya mahindi ipo kwenye udongo uleule.

*Mabaki.* Pima urefu, upana na kina cha rundo. Uliza lina umri gani, linamwagiwa maji au la, kuna anayechukua mabaki kwa mifugo au kwa shamba. Ukiweza nenda Hale ukaone mtambo wa gesi ya mabaki ya mkonge uliojengwa mwaka 2007. Ukiuona utaelewa ni nishati kiasi gani tunaiachia ioze.

Hatua ya 5: Gawa kwa uhai wote wa mmea

Mkonge si mahindi. Hukatwa mara ya kwanza baada ya miaka 2 au 3, kisha huendelea kukatwa kwa miaka mingi mpaka utoe mlingoti wake, yaani shina refu la maua, na kufa. Kwa hiyo kazi ya kulima na kupanda inayofanyika mara moja lazima igawanywe kwa singa zote za uhai wake.

Tuseme trekta lilitumia lita 60 kwa hekta, na hekta hiyo itatoa tani 1 ya singa kila mwaka kwa miaka 8. Mgawo ni lita 7.5 kwa tani. Nimeona kazi zilizoweka lita zote 60 kwenye mwaka mmoja wa kukata. Nimeona pia zilizosahau kabisa, kwa sababu mtafiti alifika shamba likiwa na miaka 6 na hakulikuta trekta.

Hatua ya 6: Geuza takwimu kuwa mzigo

Fanya hesabu hizi kwa mkono kwanza, kwenye jedwali lako. Namba chache zinatosha kuanzia.

Lita 1 ya dizeli ikiungua hutoa kama kilo 2.68 za hewa ukaa. Lori la tani 10 kutoka Korogwe hadi Tanga, tuseme lita 35 kwenda na 25 kurudi tupu, ni lita 60. Zidisha: kilo 161. Gawa kwa tani 10: kilo 16 hivi kwa tani ya singa.

Mfuko wa urea wa kilo 50 una asilimia 46 ya nitrojeni, yaani kilo 23. Kwa kanuni ya kawaida ya IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, asilimia 1 ya nitrojeni hiyo hugeuka kuwa nitrasi oksaidi, gesijoto kali: kilo 0.23 za nitrojeni, ukizidisha kwa 44 na kugawa kwa 28 unapata kilo 0.36 za gesi. Kilo 1 ya gesi hii ni sawa na kilo 273 za hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100, kwa mujibu wa ripoti ya sita ya IPCC. Jibu ni kama kilo 99. Ongeza kilo 37 za hewa ukaa iliyomo ndani ya urea yenyewe. Huo ni mfuko mmoja, na bado hujahesabu kiwanda kilichoutengeneza.

Sasa lile rundo. Tani 24 za mabaki. Tuseme asilimia 12 ni kitu kikavu, na asilimia 40 ya kitu hicho kikavu ni kaboni: kilo 1,152 za kaboni. Kwa kanuni ya IPCC, nusu yake ndiyo huoza pale inapokosa hewa: 576. Rundo la kina kisichofika mita 5 hupewa kizidishi cha 0.4: 230. Nusu ya gesi inayotoka ni methani: 115. Zidisha kwa 16, gawa kwa 12: kilo 154 za methani. Kilo 1 ya methani inayotokana na mimea huhesabiwa kama kilo 27 za hewa ukaa. Unapata zaidi ya kilo 4,100 za hewa ukaa sawia kwa kila tani ya singa.

Linganisha na kilo 16 za lori. Na rundo likiwa na kina cha mita 5 au zaidi, kizidishi ni 0.8, na mzigo unakuwa mara mbili.

Makadirio yangu ya unyevu na kaboni yanaweza kupishana na ya shamba lako, kwa hiyo kausha sampuli zako mwenyewe. Lakini hata ukikosea kwa nusu, uzito bado uko kwenye rundo. Mabaki yaleyale yakitandazwa kwa tabaka jembamba shambani hupata hewa, na methani inayotoka ni ndogo sana. Yakiingizwa kwenye mtambo wa gesi, methani inakuwa umeme. Ndiyo maana nawasihi vijana: nendeni nyuma ya korona kabla hamjaenda kupima lori.

Tahadhari kuhusu kaboni ya mmea: mkonge unavuta hewa ukaa unapokua, na kamba ikioza inairudisha. Hesabu yote mawili au uache yote mawili. Ukihesabu kuvuta tu, bidhaa yako itaonekana inasafisha dunia, na msomaji makini ataitupa kazi yako. Methani ya rundo huhesabiwa kwa vyovyote.

Hatua ya 7: Amua nani anabeba mzigo

Korona inatoa singa ndefu, singa fupi na mabaki. Mzigo wa shamba mzima tuugawe vipi?

Ukigawa kwa uzito, singa ni tani 1 na mabaki ni tani 24, kwa hiyo mabaki yatabeba asilimia 96 na singa itatoka safi kama malaika. Huo ni upuuzi. Hakuna anayelima mkonge ili apate mabaki. ISO 14044 inakutaka kwanza ujaribu kuepuka kugawa, kwa kutenganisha hatua au kwa kupanua mipaka ili mabaki yahesabiwe kwa kile yanachokibadilisha, kwa mfano umeme. Ikishindikana, gawa kwa uhusiano wa kimaumbile wenye mantiki. Mwisho kabisa, kwa bei. Kwa mkonge wa wakulima wadogo mimi huishia kwenye bei, wastani wa miaka 3, na ninaonyesha pia jibu lingekuwa lipi kwa njia nyingine.

Hatua ya 8: Sasa fungua programu

Jenga kila kisanduku ulichochora kama hatua moja. Jaza takwimu zako. Kwa yale usiyoyapima, kama utengenezaji wa urea au dizeli, chukua kwenye hifadhidata.

Angalia nchi na mwaka wa kila unachokichukua. Umeme ndio unaodanganya zaidi. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kuzalisha mwaka 2024, na takwimu za gridi yetu za kabla ya hapo zinabeba gesi asilia nyingi kuliko hali ya sasa. Umeme wa nchi ya Ulaya usiuguse hata kwa majaribio. Huwa unasahaulika humohumo.

Hatua ya 9: Tikisa matokeo

Badilisha namba moja moja: kina cha rundo, muda wa kudumu kwa kamba, mavuno kwa hekta. Ikiwa jibu linageuka, sema linageuka wapi. Kisha rudi shambani uwaonyeshe waliokupa takwimu. Si hisani tu. Wao ndio watakaoona ulichosahau.

Mambo yakikwama

*Uzito ulioingia na uliotoka haulingani.* Mara nyingi ni maji. Umehesabu majani mabichi na singa kavu bila kuandika unyevu uliopotea juani, au hukuhesabu maji ya kuoshea yaliyoongezeka kwenye mabaki. Tofauti ya asilimia 5 si mbaya. Ikifika 20, rudi ukapime.

*Jibu ni kubwa mara 1,000 au dogo mara 1,000.* Kilo na tani zimechanganyika. Likiwa limekosea kwa mara 3.6, umechanganya kilowati-saa na megajuli.

*Hatua fulani inaonyesha sifuri.* Haijaunganishwa na hatua inayoilisha. Fungua mchoro wa mfumo na utafute kisanduku kilicho peke yake.

*Jibu ni hasi.* Umehesabu kaboni inayovutwa na mmea bila inayorudi, au umeupa umeme wa mabaki punguzo la mzigo mara mbili.

*Jibu langu halifanani na la utafiti mwingine wa mkonge.* Kabla hujaogopa, linganisha mambo matatu: kipimo cha kazi, mipaka, na walivyofanya kuhusu mabaki. Tofauti kubwa huwa hapo.

*Wamekataa kunipa takwimu.* Usiombe vitabu vya hesabu. Omba kupima mwenyewe siku 2, na uahidi kutolitaja shamba. Shamba likikataa kabisa, nenda kwenye vyama vya ushirika vya wakulima wadogo. Kwa mambo ya kilimo chenyewe, kama umri wa mmea, nafasi na mavuno, kituo cha utafiti cha TARI Mlingano kiko Muheza, na Bodi ya Mkonge iko hapahapa mjini. Nenda na barua yako, na swali la hatua ya 1 likiwa limeandikwa juu yake.

*Mvua imenyesha siku ya kupima.* Pima hivyohivyo, andika kwamba ilinyesha, kisha rudi siku ya jua. Singa za masika na za kiangazi hazikauki sawa, na mwaka una vyote viwili.